Mashindano ya gemu tuliyoyafanya Mji wa Kale ukiwa umefungwa

Kibanda changu cha gemu kilikuwa na televisheni nne, PS4 nne, mabenchi mawili na feni iliyopiga kelele kuliko watoto wenyewe. Kiko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane ukutani. Mechi moja shilingi 20. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye tukasikia shule zinafungwa, nilijidanganya kwamba sasa biashara itapanda, watoto wote wako nyumbani. Siku tatu nilishinda nikifuta padi za kuchezea kwa spiriti. Padi moja hupita mikono thelathini kwa siku. Siku ya nne nikashusha mlango mwenyewe kabla ya kuambiwa na askari.

Kisha ikaja kafyu, tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kisha Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mimi nikawa mtu wa kukaa kitandani na simu. Huko nje wachezaji wa mpira wa kweli nao walikuwa wamefungiwa majumbani, wakaanza kushindana kwenye FIFA, ile gemu ya mpira. Kule Uhispania, mwezi Machi, Marco Asensio wa Real Madrid alichukua ubingwa katika mashindano yaliyochangisha zaidi ya yuro 140,000 za kupambana na korona. Uingereza nao wakafanya yao mwezi Aprili, mchango ukienda kwa huduma yao ya afya, na fainali Diogo Jota, wakati ule wa Wolves, akamfunga Trent Alexander-Arnold wa Liverpool kwa bao la dhahabu. Mimi ni mshabiki wa Liverpool. Niliumia kana kwamba ni Anfield.

Wazo lilikuwa limekaa kichwani bila kazi hadi Jumatano ya tarehe 6 Mei. Jioni ile, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, unafungwa kwa siku 15. Tulikuwa katikati ya Ramadhani. Ukiujua Mji wa Kale utaelewa maana yake. Hapa watu wengi wanakula cha leo kwa kazi ya leo: hamali, mpishi wa mahamri, mshoni wa kofia, dereva wa tuktuk, kijana wa kuwatembeza watalii Fort Jesus. Watalii walishapotea tangu Machi, na sasa hata kuvuka barabara kwenda Marikiti kutafuta kibarua ikawa haiwezekani. Ijumaa yake nikawaandikia vijana wangu wa kibandani kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: tufanye mashindano, tuchangishe, tulishe mtaa.

Makosa yangu yalianza hapo hapo. Nilitaka iwe kama ya Uingereza, FIFA kwenye PS4, kila mtu kwake. Nikauliza nani ana mashine nyumbani. Kati ya vijana arobaini na kitu, wakajibu watano. Na kati ya hao watano, wawili tu ndio waliokuwa na akaunti ya kulipia ya kucheza mtandaoni, kwa sababu duka la PlayStation halina Kenya kwenye orodha yake, mpaka ujisajili kama uko Marekani au Uingereza na ununue kadi kwa mtu. Nilikaa na vijana hawa miaka sita nikichukua ishirini zao, na haikunipitikia kwamba wanakuja kwangu ndiyo kwa sababu kwao hakuna. Aibu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Simu, hata hivyo, karibu kila mmoja alikuwa nayo, yake au ya kuazima kwa kaka. Tukahamia eFootball PES ya simu, gemu nyingine ya mpira, ambayo haina malipo na inakula data kidogo kuliko kutazama video. Jioni ya siku ile ile tukapata wachezaji 32.

Ada ya kuingia nikaweka shilingi 100. Ami yangu, anayekaa ghorofa ya juu yetu, akaniita roshani kwa roshani.

"Mwanangu, hizo mia mia zinakwenda wapi?"

"Nusu sadaka, ami, nusu zawadi ya mshindi."

"Basi hiyo nusu ni kamari. Kila mmoja katia chake, mmoja anakula cha wote. Utawalisha watu futari kwa hiyo?"

Sikuwa na jibu. Nilikasirika kwanza, kama mtu anavyokasirika akiambiwa jambo alilokuwa analijua. Tukabadilisha: mia zote ni sadaka, na zawadi inatoka mfukoni mwangu peke yangu, saa 50 za kucheza bure kibanda kikifunguliwa. Wakati ule ilionekana zawadi isiyonigharimu kitu. Lakini kuna jambo ambalo hata ami hakulitaja, nalo ni kwamba fedha ikishakuwa na njia moja tu ya kupita, watu hawaulizi sana. Kabla ya hapo kila aliyetaka kuchanga alitaka kwanza kujua mshindi anapata ngapi.

Ami huyo huyo ndiye aliyetupa tarehe. Kumi la mwisho la Ramadhani lingeingia Alhamisi usiku, na mtu hapigi makelele ya mpira watu wakiutafuta usiku wa cheo. Kwa hiyo ilikuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, tarehe 11 hadi 13 Mei, kuanzia saa tatu u nusu watu wakishamaliza tarawehe zao majumbani. Siku mbili za kujitayarisha. Ukweli ni kwamba tungepewa wiki mbili tungezimaliza tukibishana jina la mashindano.

Mtangazaji tulimpata bila kutafuta. Muuza kahawa wetu, yule wa dele na vikombe, kazi yake ni ya usiku, na kafyu ilikuwa imemmaliza kabisa. Mtu huyu kwa miaka amesimama kwenye kila baraza akisikiliza kila ubishi wa mpira kuanzia Ndia Kuu hadi Mlango wa Papa. Nikampa simu na kipaza sauti cha shilingi 300. Nusu ya waliotutazama hawakujua hata kanuni za gemu, walimfuata yeye. "Anaupeleka, anaupeleka, anakata kona ya Kuze, beki anamtazama kama mtu aliyesahau chenji dukani... goooli! Kipa, ndugu yangu, ulikuwa unasubiri adhana?" Mama zetu waliokuwa jikoni wakiandaa daku walikuwa wanacheka kutoka dirisha hadi dirisha. Kama ningeanza upya leo, ningetafuta mtangazaji kabla ya kutafuta wachezaji.

Mtandao ulitutesa kwa namna ambayo sikuitarajia. Mombasa ndiko nyaya za intaneti zinakoingilia kutoka baharini. SEACOM na TEAMS zilifika hapa mwaka 2009. Tungependa kuamini tunalala juu ya mtandao. Lakini nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto, na kinachozuia joto huzuia na simu. Ndani ya chumba unapata kijistari kimoja cha mtandao, mara hakuna. Kwa hiyo wachezaji walitoka. Wengine roshani, wengine juu ya paa kando ya matangi ya maji, mmoja kwenye ngazi na shuka kichwani kwa sababu ya mbu. Barabara tupu kabisa, kafyu, na juu kwenye giza unaona nyuso za bluu za simu hapa na pale, mtu na mpinzani wake wametengana paa mbili, na hawaruhusiwi kukutana.

Kurusha matangazo tulishindwa mara ya kwanza. Simu inayocheza na kurusha skrini yake wakati mmoja ilichemka, mchezo ukawa unanasa. Mwisho tukatumia njia ya kishamba: kwa mechi tuliyoichagua, mdogo wa mchezaji anaweka simu ya pili juu ya ndoo iliyopinduliwa, inapiga picha skrini ya kaka yake, naye anaambiwa asipumue. Ilikuwa na ukungu na ilitikisika. Hakuna aliyelalamika.

Sasa michango. Tangu katikati ya Machi M-Pesa haikuwa ikikata ada kwa mtu anayetuma shilingi 1,000 kushuka chini, kwa ajili ya korona, na bila hilo nadhani tusingefika popote. Nani angetuma 30 kama kutuma kunamla tena? Tulipokea 20, tulipokea 50, tulipokea 35 ambayo hadi leo najiuliza ilitoka kwenye hesabu gani. Bwana mmoja alituma elfu moja mara tano mfululizo ili asikatwe. Simu ililia ting, ting, na muuza kahawa kila ikilia alisema "bao!"

Usiku wa kwanza nilisoma kila ujumbe hewani, jina kamili na kiasi. Nilidhani huo ndio uwazi. Saa sita usiku akanipigia mama mmoja aliyechanga 500, sauti ya chini kabisa. "Mwanangu, umenitaja. Mwenye nyumba wangu anawasikiliza, na kodi ya Aprili sijampa." Nikabaki nimeshika simu. Usiku wa pili na wa tatu nikawa nasoma kiasi na dakika kilipoingia, basi. Aliyetuma anajua ni yeye, na ami pamoja na muuza kahawa walikuwa wakiikagua simu kila tukimaliza, jumla inaandikwa karatasini na sote watatu tunatia sahihi. Sadaka ya mkono wa kulia usioonwa na wa kushoto tumefundishwa madrasa, lakini nilihitaji kodi ya mtu mwingine kunikumbusha.

Jumanne stima ilizimika nusu ya mtaa, mechi tatu zikakatika. Tulicheza tena saa saba, baada ya nyingine zote. Hilo lilikuwa dogo.

Kubwa lilikuwa nusu fainali, Jumatano. Kijana wa Kuze anaongoza 2 kwa 1, dakika ya 80, mpinzani wake akapotea. Huyu anasema mtandao, yule anasema amezima data makusudi kwa kuwa anafungwa. Kanuni sikuwa nimeandika. Nilikuwa nimeandika muda wa mechi, timu zisizoruhusiwa, hata adhabu ya matusi, lakini mtandao kukatika, jambo ambalo lazima litokee kwenye mashindano ya mtandaoni, sikuligusa. Watu mia na kitu wanatazama, muuza kahawa anavuta muda kwa kuhadithia mechi ya zamani, na mimi nikaamua warudie yote kuanzia sufuri. Kijana wa Kuze akafungwa 3 kwa 0. Akatoka kwenye kikundi, na marafiki zake sita wakamfuata.

Nilikosea, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Ilitakiwa zichezwe zile dakika kumi zilizobaki, yeye aanze na bao lake moja la kuongoza. Hivyo ndivyo tulivyoandika baadaye. Kijana mwenyewe tunasalimiana, lakini hadi leo akiniona ananiita "refa", na si kwa mapenzi.

Fainali ilichukuliwa na mtoto wa darasa la nane aliyetumia simu ya babake yenye kioo kilichopasuka. Zile saa 50 alizila zote, hakuniachia hata dakika.

Tulipofunga hesabu zilikuwa shilingi 36,640 za M-Pesa, katika jumbe 214, na shilingi 22,000 alizozikusanya mtoto wa mama mdogo aliyeko Muscat, Oman, kutoka kwa Wamombasa wenzake wa huko. Jumla 58,640. Nilihisi nimemaliza kazi, kumbe hapo ndipo ilipoanza.

Hewani nilikuwa nimeahidi picha. Nilisema kabisa, usiku wa kwanza, kwamba kila mtu ataona unga wake umefika wapi. Muscat wakaanza kuuliza, kwa heshima lakini kila siku: picha vipi? Watu hapa wanataka kuona. Sikuwalaumu. Sote tumewahi kuchangia kitu kikayeyuka. Nikapanga: vifurushi vya unga, mchele, sukari, mafuta na tende, watu waje mmoja mmoja mlangoni pa kibanda, barakoa, picha, mwingine.

Nilimweleza bi mkubwa, mama yangu, mpango huo akiwa amekaa mkekani anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Utamwambia Mwalimu asimame wapi?" Mwalimu ni mzee aliyetusomesha sote chuo cha Kurani, mimi pia. "Kando ya mlango au mbele ya televisheni? Na huo unga aushike mkono gani?"

Nikanyamaza.

"Kila nyumba hapa ina ukurasa wake dukani," akasema. "Nenda ukalipe kurasa."

Alikuwa na maana ya madaftari ya deni. Kila duka la mtaa lina daftari, nyumba kwa nyumba, nusu kilo ya hiki, robo ya kile, na mwisho wa mwezi au kazi ikipatikana unapunguza. Tangu Machi hakuna aliyekuwa akipunguza. Wenye maduka wenyewe walikuwa wameanza kukataa kuandika, si kwa roho mbaya, ni kwamba wa jumla naye anawadai. Ukilifuta deni la ukurasa, mama anarudi dukani kama kawaida yake na kikapu chake, anachukua anachotaka yeye, si unachodhani wewe anakihitaji, na hakuna aliyemwona akipokea chochote. Duka nalo linapata fedha taslimu. Kwa kweli sielewi kwa nini halikunijia mimi.

Akanitajia maduka matatu, kwa mpangilio. Anza na la Kuze. Halafu la pembeni mwa msikiti. "La tatu, lile la karibu, usiende wewe. Mtume ami yako."

Katika duka la kwanza na la pili ilikwenda vizuri. Mwenye duka anafungua ukurasa, ananionyesha jumla chini, jina amelifunika kwa kidole gumba. Mimi napiga picha ya jumla na kile kidole, naye anakata mstari kwa kalamu nyekundu. Hizo ndizo picha zilizokwenda Muscat: kurasa na vidole, kimoja cha njano ya bizari. Nilidhani watalalamika. Mmoja wao akajibu kwamba kidole kile anakijua, alikopa biskuti kwacho akiwa mtoto.

Siku ya duka la tatu ami aliamka na homa ndogo, na homa ndogo wakati ule ilikuwa jambo la kumfungia mtu chumbani. Nikaenda mwenyewe. Zilibaki elfu kumi na tano na kitu. Tukazipunguza ukurasa baada ya ukurasa, kidole, picha, kalamu. Kisha akafungua mmoja na kuufunga haraka.

"Huu si wa leo," akasema.

Lakini nilishauona. Jina hakuwahi kulifunika, ila hata kama angelifunika ningejua kwa vitu vyenyewe. Tambi. Hiliki. Tangawizi ya unga, na pembeni mabanoni, "si ya mzizi", kwa sababu kuna mtu mmoja tu mtaani anayeirudisha ukimletea ya mzizi. Ukurasa ulianza wiki ile niliyoshusha mlango wa kibanda. Chini ilikuwa 3,180.

Miezi ile yote futari kwetu haikupungua sahani. Nilikuwa nikila na kuondoka kwenda kupanga mashindano.

Fedha iliyobaki tuliimalizia kurasa nyingine, picha zikaenda, hesabu ikasomwa kwenye kikundi, watu wakaomba dua. Mji wa Kale ulifunguliwa mwanzoni mwa Juni. Niliuza PS4 moja, na kila Ijumaa nikawa napita duka la tatu kama anayenunua kadi ya simu, naacha 200, na yule bwana anaichukua bila kuandika mbele yangu.

Mwezi wa tisa, jioni moja, bi mkubwa alirudi kutoka dukani akaweka kikapu chini, akavua viatu taratibu.

"Yule mtu hesabu zimeanza kumpotea," akasema. "Kila nikienda deni limepungua."

Nikamwambia labda ni macho, ameshakuwa mtu mzima. Akasema huenda, akaenda kubandika chai.